Sikuandika Harusi Kabla ya Matanga

Siku waliponiaga, mkuu wa kipindi alisimama mbele ya keki akasema kwamba katika miaka yangu yote ya kuandika michezo ya redio nilikuwa mfano wa utii. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na kipande cha keki mdomoni, nikashindwa kujibu, na jambo hilo linanikera mpaka leo. Basi najibu sasa, tena kwa maandishi, kwa ajili yenu vijana mliorithi chumba cha waandishi: sikuwa mtii. Ningekuwa mtii, mchezo wetu wa Alhamisi ungekufa zamani, na nyinyi msingekuwa na kazi ya kuilalamikia.

Sitawaeleza nilivyopanda cheo, maana hakukuwa na cheo cha kupanda. Mshahara nao tuuache ulale. Nitawaeleza ninachokijua, yaani namna ya kukaa chini na kuandika wakati kila mtu ana sababu nzuri ya kukwambia usiandike. Hapa Bujumbura sababu hizo hazikauki. Watakwambia watu hawasomi. Watakwambia andika Kifaransa ndipo uheshimiwe, Kiswahili ni lugha ya madereva na wahuni. Watakwambia hakuna mchapishaji, umeme umekatika, petroli haipatikani, subiri kwanza mambo yatulie. Mimi nimesubiri mpaka nimestaafu na mambo hayajatulia. Andikeni yakiwa hivyo hivyo.

Niliingia redioni kwa sababu nilisomea ualimu na sikupata shule. Aliyenipokea ni Mzee Silvesta, mkuu wa waandishi wa wakati huo, mtu mnene mpole aliyekula karanga za kukaanga kuanzia asubuhi mpaka jioni. Aliniambia niandike ukurasa mmoja, majirani wawili wanazungumza. Nikaandika majirani wakizungumzia usafi wa mitaro, kwa Kiswahili cha darasani kilichonyooka kabisa. Akaniambia nisome kwa sauti. Nilisoma mwanzo mpaka mwisho, na yeye alitafuna mwanzo mpaka mwisho.

"Huyu wa kwanza anataka nini?" akaniuliza.

"Anataka kumweleza jirani yake umuhimu wa usafi."

"Apana, mama. Hakuna mutu anatoka kwake asubui juu ya kueleza umuhimu. Anataka nini?"

Nikasema sijui.

"Voilà. Enda ukae. Ukijua, urudi."

Nilirudi mezani nikiwa na hasira, na hasira ikanisaidia. Nilikumbuka jirani yetu wa Cibitoke aliyeazima beseni la mama yangu wakati wa Idi na kulisahau kwake. Nikaandika mwanamke anayekwenda kudai beseni lake, analikuta limejaa maji machafu ya mtaro, na mwenye nyumba anamkaribisha kwa maneno matamu kana kwamba halioni. Niliposoma ukurasa huo, Silvesta aliacha kutafuna. Alinipa karanga chache, nikajua nimeajiriwa.

Tangu siku hiyo sijawahi kumsomea kazi yangu mtu aliyekaa tu akinitazama. Mtu wa namna hiyo atakusifu, hata kama ukurasa umeoza, kwa sababu ana adabu. Msomeeni mtu ambaye mikono yake ina kazi: anamenya viazi, anashona, anachambua mchele. Mikono ikisimama, mmempata. Ikiendelea, futeni. Mikono haina adabu ya kudanganya.

Studio yetu ilikuwa chumba kidogo chenye joto la kutisha. Katikati palikuwa na mlango uliosimama peke yake bila ukuta, wa kufunguliwa na kufungwa ili usikike. Kulikuwa na sinia la kokoto la kutembelea, ungo na mchele kwa ajili ya mvua, na karatasi za biskuti ambazo ukizifinya polepole ni moto unawaka. Vitu hivyo vilinifunza kuandika kuliko kitabu chochote. Ukiandika kwamba mama alikuwa na huzuni, fundi mitambo atakuuliza huzuni inalia vipi, na hutakuwa na jibu. Andika kwamba anakoroga chai iliyokwisha kupoa, anakoroga tu, na kijiko kitasikika mpaka Kajaga, kule ziwani. Hata nyinyi mnaotaka kuandika riwaya na si redio, fanyeni hivyo. Msomaji naye ana masikio.

Niliandika baada ya swala ya Alfajiri, kabla nyumba haijaamka na kuanza kuuliza sukari iko wapi. Sikungoja hamu. Hamu hufika ikikukuta umekaa tayari, na siku isipofika, ukurasa utakuwa mbaya lakini utakuwepo. Nilikomea mahali ninapojua kinachofuata, ili kesho yake nisianze kwa kutazama ukuta. Sikusimulia hadithi ambayo sijaimaliza, maana ukiisimulia vizuri kwenye kahawa, ukirudi nyumbani unakuta imekwisha ladha. Ukurasa wa kwanza niliutupa karibu kila mara. Huo ni wa kusafisha koo. Na nyinyi mnaoandika kwenye simu, msione haya, simu ni kalamu. Ila zizimeni hizo jumbe zinazoingia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuandika sentensi nzuri huku akijibu salamu za shemeji.

Na tembeeni. Wakati petroli ilipokosekana na mabasi yakaadimika, wenzangu walilalamika kwamba wanatembea kwa miguu kutoka mjini. Nami nililalamika, miguu ni yangu pia, lakini nilipita Kamenge makusudi, pale karibu na hospitali ambapo watu husimama wakingoja usafiri, nikasimama nao. Msitoe kalamu mkiwa pale. Mtu akiona kalamu anaanza kuongea kama anahojiwa. Sikilizeni, mwende nyumbani, muandike kilichobaki kichwani. Kilichosahaulika hakikuwa na maana.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niitwe mkaidi, kabla hawajabadili mawazo na kuniita mtii.

Mchezo wetu wa Alhamisi ulikuwa na Bonifasi, fundi baiskeli, mkewe, Mama Chantal, na binti yao Chantal. Bonifasi aliigizwa na Isidori, ambaye katika maisha yake ya kweli alikuwa fundi cherehani wa Kamenge. Mama Chantal aliigizwa na Goreti, muuza samaki. Asubuhi Goreti alinunua ndagala na mukeke kule Kajaga, akauza, akaoga, alasiri akaja studio kugombana na Isidori mbele ya kipaza sauti. Waligombana kwa ustadi mkubwa, na sokoni watu walimwita Goreti Mama Chantal, wakamuuliza mumewe amerekebisha breki au bado. Goreti hakupenda kusoma. Nilikuwa nikimfuata nimsomee huku anaparua samaki, na kisu chake ndicho kilichokuwa mhariri wangu.

Silvesta alikuwa ameshastaafu na kufariki. Mahali pake alikuja Desire, kijana mwenye shahada, nadhifu, mwenye akili, na mwenye haraka. Sisemi alikuwa mbaya. Alikuwa na wafadhili wanaompigia simu, na mtu anayepigiwa simu na wafadhili hubadilika sauti.

Isidori akaugua ghafla, akafa. Tulimzika. Alhamisi iliyofuata redio ilirudia mchezo wa zamani, na Desire akaniita ofisini.

"Mama Mwajuma, pole. Sasa tuendelee. Alhamisi ijayo Chantal anaolewa. Wafadhili wanataka mada ya kuandikisha ndoa kwenye ofisi ya komuni."

"Na Bonifasi?"

"Weka mstari moja tu. Chantal anasema, tangu baba alikufa, mama amekuwa na nguvu. Miezi sita imepita. C'est tout, basi."

Niwakumbushe nyinyi mliokulia kwenye simu, ingawa mnalijua. Mtu akifa kwetu, nyumba yake inafungwa kwa matanga. Watu wanakaa, kazi zinasimama, na hakuna harusi itakayotoka kwenye nyumba hiyo mpaka ifike siku ya kuondoa matanga, ile inayoitwa kuganduka kwa Kirundi. Siku hiyo msemaji wa familia anasimama, anaeleza marehemu alivyougua na alivyozikwa, anawashukuru waliokuja, kisha anaifungua nyumba: mjane aende sokoni, vijana waoe. Mimi ni Mwislamu na sisi tuna taratibu zetu, lakini nimekaa kwenye viti vya matanga ya jirani zangu Wakristo tangu nikiwa mtoto. Kuruka matanga ya Bonifasi ilikuwa ni kumwacha mlangoni. Na nyuma ya Bonifasi alikuwa amesimama Isidori.

Nikamwambia Desire siandiki harusi kabla ya matanga.

"Mama, ni hadithi. Bonifasi hakukuwaka mutu."

"Isidori alikuwa mutu."

"Na we si wa dini yao hata. Inakuuma nini?"

"Jirani zangu ni wa dini yao. Na wasikilizaji wako pia."

Akavua miwani. Aliniambia kwa utulivu kwamba anataka harusi mezani kwake Jumatatu, na kama siwezi, kuna vijana wengi wenye diploma wanaoweza. Nikatoka. Sikujifanya shujaa. Nilikuwa na watoto shuleni na sikuwa na kazi nyingine ninayoijua. Lakini nilijua pia kwamba nikimruka mtu wangu mara moja kwa woga, nitawaruka wote, na baada ya hapo nitakuwa naandika matangazo tu.

Nilipita Kamenge kumsalimia mjane wa Isidori, Mama Lea. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, wanawake wamemzunguka. Alinishika mkono kabla sijakaa.

"Mama Mwaju, huku kwetu tutaondoa matanga Jumamosi. Na kule redio mutamuondolea lini?"

Mwanamke mmoja aliyekaa kando akadakia kwamba hata yeye anangoja, maana nyumba ya Bonifasi bado iko na matanga na hawezi kusikia watu wanacheka ndani yake. Hakuna aliyemwona kichaa. Niliondoka pale nikiwa nimekwisha kuamua.

Asubuhi yake niliandika kuondoa matanga kwa Bonifasi. Niliandika kwa pumzi moja, kisha nikakata nusu. Nikapeleka Kajaga. Goreti alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anaparua mukeke. Nilipofika mstari wa tatu kisu kikasimama, na hakikuendelea tena mpaka mwisho. Samaki alibaki mkononi, nusu ana magamba.

"Desire ameikubali?" akaniuliza.

"Bado hajaiona. Anataka harusi."

"Mi siwezi kuoza mutoto. Bwana yangu amekufa, matanga haiyaisha, nitacheza harusi namna gani? Atafute Mama Chantal mwingine." Akaweka kisu chini. "Nisomee tena. Pole pole."

Nikamsomea mpaka akaishika yote.

Jumamosi uani kwa Isidori palijaa. Walikuwa wametandaza turubai la shitingi juu, viti vya plastiki vimepangwa, soda na bia zinagawiwa. Desire alikuwepo, mstari wa mbele, kwa sababu mwajiri lazima asimame aseme neno. Hotuba yake ilikuwa kwenye mfuko wa koti. Baba mdogo wa Isidori, msemaji wa familia, alimaliza sehemu yake, akaita watu wa kazini. Kabla Desire hajanyanyuka, Goreti alishasimama.

Hakuwa na karatasi. Alifunga kitambaa vizuri kichwani, akatoa ile sauti ambayo kila mtu pale aliijua.

"Jirani zangu, mi ni muke wa Bonifasi. Bwana yangu alitengeneza baiskeli ya kila mutu hapa, na ya kwake haikukuwa na breki. Nilimugombeza juu ya hiyo breki mpaka siku alilala. Sasa nani nitamugombeza? Bonifasi, umeniachia nyumba ina kimya, na mi sikuzoea kimya. Lakini leo tunaondoa matanga. Kesho nitafungua mulango, nitaenda soko, na mutu akinisalimia nitaitika. Chantal akipata bwana, aolewe. Baba yake hakukataza. Mutu akileta baiskeli yake hapa, asirudie mulangoni. Aingie, aseme, mi nilimujua Bonifasi. Hiyo ndiyo dawa."

Mama Lea alicheka kwanza, kwenye ile breki, halafu akalia, halafu akafanya vyote pamoja. Wanaume walitazama chupa zao. Nami nililia bila kujificha, na siombi radhi. Watu wanaosema maandishi hayalishi mtu, ningependa wangekuwepo uani siku hiyo.

Baba mdogo akangoja kelele zitulie, akamgeukia Desire. "Mukubwa, hii itapita redio Alhamisi?"

Desire alikuwa ameshika hotuba yake mkononi. Aliwatazama watu wale wote, nao wakamtazama. Akairudisha hotuba mfukoni.

"Itapita," akasema, akakaa.

Ikapita, neno kwa neno. Ila Jumatatu yake aliniita tena. Alisema sikumheshimu, nilimshtaki mbele ya waombolezaji. Alisema kwa kuwa nafanya kama redio ni yangu, jina langu halitasomwa tena mwisho wa mchezo. Waigizaji watatajwa, fundi mitambo atatajwa, mwandishi hapana. Nikamwambia asome hata jina la mlinzi wa geti, mradi asikate maneno ya watu wangu. Nilisema hivyo nimeinua kidevu. Nje ya jengo iliniuma vibaya. Jina lile lilikuwa kitu pekee ambacho mama yangu, asiyejua kusoma, alikuwa akikisubiri kila Alhamisi redio ikiwa sikioni.

Mtauliza kwa nini niliendelea. Kwa sababu Chantal alikuwa bado hajaolewa. Ukiwa na mtu ndani ya hadithi anayekungoja, jina ni mapambo tu, hata likiuma. Wiki zile niliandika vizuri kuliko wakati wowote, kwa chuki kidogo, sikatai. Chuki ikikaa vizuri mezani inafanya kazi. Niliandika mahari, niliandika ugomvi wa mashangazi, niliandika komuni na afisa wake na ile mada ya wafadhili, tena ilichekesha. Desire alisoma mswada wa harusi, akaupitisha bila kugusa kitu. Hakuwa na desturi ya kusikiliza tulichorekodi. Alichokisoma kwenye karatasi kilimtosha.

Siku ya kurekodi harusi sikuwepo studio, na Alhamisi yake nilikuwa nyumbani Cibitoke na mama. Mchezo ulienda hadi pale Mama Chantal anasimama kuwashukuru wageni, kama inavyopasa. Aliwashukuru wakwe. Aliwashukuru majirani na kwaya. Mstari wa mwisho nilioandika ulikuwa ni wa kuwakaribisha chakula. Goreti akavuta pumzi, nikajua mara moja kwamba pumzi hiyo haimo kwenye mswada.

"Na kuna mutu moja hamumuoni hapa," akasema, kwa sauti ileile ya mama wa bibi harusi. "Mwajuma wa Cibitoke. Ni yeye aliniondolea matanga, na ni yeye ananiozea mutoto. Mutu akimukuta njiani amusalimie. Sasa mukule."

Halafu mlango ule usio na ukuta ukafungwa, na muziki ukaingia. Fundi mitambo hakuwa amekata kitu. Mama yangu alibaki ameshika redio kwa mikono miwili. Nje, jirani wa upande wa pili alikuwa tayari anaita jina langu juu ya ukuta.

Simu ya Desire ilikuja muziki haujaisha.

"Ile maneno ya mwisho, ni we uliandika?"

"Apana. Angalia mswada, uko mezani kwako."

"Sasa nani aliandika?"

"Hakuna aliyeandika. Mama Chantal amesema."

Akakata simu. Alhamisi iliyofuata jina langu lilisomwa, na halikuachwa tena.

Nimeandika maneno mengi hapa nchini, na sentensi niliyoipenda kuliko zote si yangu. Kwa hiyo kaeni chini asubuhi, wajueni watu wenu wanataka nini, na msiwaruke kwa kumwogopa yeyote. Waandikeni hivyo mpaka siku moja wafungue midomo yao waseme jambo ambalo nyinyi wenyewe msingethubutu kuliandika.